Daktari wa Ndanai Hatakuja

Kericho, Jumatano, Mei 1956

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na mimi nina hasira tangu saa nne.

Mashamba yetu ya chai hayana daktari tangu yule mzee wa Kizungu arudi kwao. Miezi saba sasa tunatibiwa na dresa, mfunga vidonda tu, na chupa yake ya kwinini. Barua za kuomba kazi zikija, mimi karani ndiye ninayezipanga mezani kwa meneja. Yeye huangalia jina kwanza. Jina la Kihindi, kapuni. Jina la Kiafrika, kapuni, hata mstari wa pili hasomi.

Kwa hivyo Daktari Thomas Gilbert alipoandika kwa majina ya ubatizo, lake na la baba yake, niliiweka barua yake juu kabisa. Nilimjua. Ni Mkipsigis wa Ndanai, wilaya hii hii yetu, na amesomea Uingereza. Meneja alifurahi, akampa kazi wiki ile ile.

Leo imefika barua ya shukrani. Daktari anaomba siku tatu apitie Ndanai kumsalimia mama yake. Nami niliipeleka mezani bila kuisoma. Mjinga mimi! Ningeisoma, ningeijibu mwenyewe kimyakimya.

Meneja akainua macho. "Hii daktari iko Mwafrika?"

"Ndiyo, bwana. Lakini ni daktari kamili."

"Nyumba ya daktari iko karibu na mimi. Hapana wezekana. Andika yeye, sema kazi nakwisha."

Kisa nyumba!

Nikaipiga taipu barua hiyo. Niliipiga vizuri, sikukosea hata herufi moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ikaondoka na posta ya saa tisa.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni, lori limekwama matopeni tukikimbilia hospitali ya mbali. Tangu nimwambie daktari amepatikana, amekuwa akilala usingizi mzuri. Hata nyimbo za kwao ziwani ameanza kuimba tena.

Jioni hii alikuwa akichambua mboga, akaniuliza, "Sasa huyo daktari anakuja lini?"

"Mwezi ujao," nikasema.

Akahesabu kwa vidole. "Basi atanikuta bado."

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Kesho nitamwambia. Au Jumapili, tukitoka kanisani.