Taa Nilizomwekea Mzee

Shabab,
Nakuru.
12 Oktoba 2008.

Mpendwa dada yangu Nakhumicha,

Pokea salamu tele kutoka kwa ndugu yako Sitati, yule yule unayemjua, mwenye maneno mengi na viatu safi. Doha wanakutendeaje? Lile joto limepungua? Na mgongo, bado unakuuma kwa kutandika vitanda vya watu hotelini? Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi, kwa sababu si ya kusoma ukiwa umesimama.

Huku Mama hajambo, ni goti lake tu. Mwanangu Zeddy ameota tena meno mawili ya mbele, sasa anajiona mtu mzima. Mimi mwilini niko sawa. Habari ya Mzee wetu nimeiweka peke yake, maana ndiyo imenikalisha hapa mezani Jumapili nzima na wenzangu wananingoja kwa drafti.

Unakumbuka mwaka jana, mwezi wa sita, nilikupigia simu nikijisifu. Nilikuambia nimeng'oa balbu za halojeni kwa gari ya Mzee, ile Corolla, nikamwekea taa za xenon, na kwamba akiwasha hapa Nakuru wewe huko Doha utafunika macho. Ulicheka mpaka simu ikakatika. Hiyo simu naomba uisahau.

Ilianza hivi. Mzee alikuwa anapanda kwenda Dundori mara mbili kwa wiki kuleta maziwa ya kioski chetu, anatoka alfajiri kwa ukungu. Akaniambia taa za gari hazifiki kando. Lami ya mbele anaiona, lakini nyasi na watu wa kando wanamtokea ghafla. Sasa mwambie hivyo mimi, fundi wa umeme wa magari ambaye hata watu wa Eldoret wananiletea magari yao, mtu amefika Kampala mara tatu. Ukiniletea shida ya taa nitakupa taa. Sikumuuliza swali hata moja.

Nilienda kwa duka la spea la Shantilal. Mwanawe Jaydeep alinionya kwamba kioo cha taa za ile Corolla kilitengenezewa halojeni, nikiweka xenon mwanga utatawanyika uwapige wanaokuja usoni. Nikamwambia kazi yake ni kuuza, yangu ni kufunga. Nilifunga zile balbu na visanduku vyake vya kuongeza moto wa umeme kwa saa mbili, gereji yote imenizunguka. Kuwasha, ukuta wa ng'ambo ukawa mweupe kama shuka za hoteli yako. Watu wakapiga makofi. Mzee naye akapiga.

Baada ya wiki akasema mbele ni kuzuri, kando bado. Nikalegeza skrubu, nikageuza taa zitazame nje, moja kwa nyasi, nyingine kwa mwenye anakuja. Madereva wa Dundori walimtukana Mzee matusi ambayo hakuwahi kuyasikia miaka thelathini ya kuendesha treni. Bado akasema kando ni giza. Nikaongeza spotilaiti mbili kwa bampa. Hapo akasema ni afadhali, nami nikatembea na hiyo afadhali kila gereji. Leo najua haikuwepo. Alisema vile kwa sababu wenzangu walikuwa wamesimama pale, na hakutaka niaibike.

Na dalili zilikuwa mchana kweupe, dada. Alikwangua nguzo ya geti upande wa kushoto, nikasema kioo cha kando kimelegea. Akajikwaa kwa stuli ya Zeddy. Akamimina chai kando ya kikombe. Mama aliniambia baba yako haoni vizuri, nikamjibu ni uzee huo, Mathe, mtafutie miwani ya kusomea Biblia. Kisha ikaja ile Januari ya ghasia za uchaguzi unayoijua, barabara zikafungwa, gari ikalala miezi, na hakuna mtu Nakuru aliyekuwa anaangalia nani amemwaga chai.

Mwezi wa nane mwaka huu, saa sita mchana, jua limewaka kabisa, Mzee alikuwa anarudi kutoka Dundori. Akagonga mkokoteni wa Wamuyu, mama anayeuza kabichi kando ya barabara. Wamuyu mwenyewe alichubuka goti tu, tushukuru. Nilipofika kabichi zilikuwa zimejaa mtaroni, na watu wamemzunguka Mzee wanauliza amekunywa nini. Wamuyu ndiye aliwanyamazisha.

"Mzee, mimi nimekuona tangu ukitoka kule kwa kona. Hata nimekupungia mkono. Kwani hukuniona, na hili jua lote?"

Mzee akageuza kichwa kizima, polepole, kutafuta sauti imetoka wapi. Na Wamuyu alikuwa hatua mbili kando yake.

Hapo ndipo nilielewa. Taa zilikuwa zimezimwa. Hakukuwa na taa ya kulaumu.

Nilimpeleka kwa Sapna, mke wa Jaydeep, ambaye ni daktari wa macho hapa mjini. Alimwambia atazame ukuta mbele yake, kisha akaleta kalamu kutoka kando, aseme akiiona. Kalamu ilikuwa karibu na pua ndipo akasema. Ni presha ya macho, wanaita glakoma. Haiumi wala haiwashi. Inakula kando kwanza, halafu inakuja katikati, na ikishakula hairudishi. Angeanza dawa ya matone mwaka jana, sehemu kubwa ingeokolewa. Sasa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na matone ni ya kuchelewesha tu. Sapna anasema labda mwaka kabla ya giza kabisa, labda usifike.

Akamuuliza Mzee kama hakuona mabadiliko mapema. Mzee akajibu kwa upole, kama anayetaja jina lake kwa karani:

"Niliona. Nikamwambia kijana yangu huyu. Akaniwekea taa."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajibu swali la daktari. Afadhali angenichapa kofi pale pale, ningejua pa kuweka mkono.

Taa nimezing'oa. Mtu mmoja wa teksi alizitaka sana, nikazivunja kwa nyundo mbele yake, akaniona mwendawazimu. Moyo haukupoa hata kidogo. Ufunguo wa gari ninao mimi, na Mzee hajawahi kuuliza uko wapi.

Alinikataza kukuandikia habari hii. Anasema usisumbuliwe kazini, utaona mwenyewe ukirudi mkataba ukiisha 2010, na nyumba ya Bungoma iwe imeezekwa. Dada, mabati yangoje. Omba ruhusa uje Krismasi hii. Wewe utamwona hata 2010. Yeye ndiye hataweza. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ningeanza mzaha, wewe ungecheka, nami ningekata bila kusema. Ukifika nitukane unavyotaka. Nitasimama nisikilize mpaka umalize, na unajua hiyo si kawaida yangu.

Mama anakusalimu sana, na Zeddy, na jirani yetu Akeyo ambaye kila siku anauliza kama umenenepa. Mzee anakusalimu pia. Anafikiri nakuandikia habari za kioski.

Kitu kimoja tu. Ukija usimwite kutoka kando, wala usimrukie begani kama zamani. Ingia, tembea mpaka mbele ya kiti chake, usimame hapo utulie. Atakuona, ataanza na uso.

Mungu akulinde huko ugenini na akufungulie njia ya kuja nyumbani mapema.

Ni mimi ndugu yako, nakupenda hata ukinikasirikia,

Sitati