Blanketi ya Mama na carburateur mbili

Papa Apolline,

Maharagi iko ndani ya nyungu. Apolline anakohoa, umupe dawa yake. Carburateur zako nimeziondoa juu ya meza, watoto wapate fasi ya kula.

Mimi nimeenda Lwiro kumuzika mama yangu. Nimepanda camion ya makala ya kupikia, sababu gari yetu moteur umeitoa, iko chini, na wewe ulijua tangu juzi kama tunazika leo. Asubuhi nikiwa nalia, unaniuliza: «Tuweke carburateur mbili, ao piston kubwa?» Juu ya course ya magari ya siku ya dimanche! Weka yote, papa. Hata hivyo hutafika mbele ya udongo kumufunika mama.

Blanketi ya kumufunika mama, kwetu ni mukwe mukubwa anaileta. Yako nimeikuta chini ya gari, umetandika vipande vya moteur juu yake. Nimeibeba hivyo hivyo.

~~Nitawaambia uko mugonjwa.~~

Sitawaambia kitu. Nikiikunjua mbele yao, watasikia harufu ya mafuta, watajua mukwe amefika.

Bibi yako