Goti Lililorukia Mpira

Dada Yustina, shikamoo. Sasa hivi Neema amesimama kwa mara ya kwanza, ameshikilia plasta ya mguu wangu. Niombee na mimi nisimame: daktari alishona kano ya goti iliyokatika, na leo plasta inatolewa, tuone kama goti litakunjika.

Hapa hospitali ya Haydom nimenenepa kwa maziwa. Bibi wa kitanda cha jirani aliniuliza nimeumiaje, nikaona haya, nikasema, "Niliteleza nikibeba gunia la ngano, bibi." Akanihurumia, akawa ananigawia maziwa ya kibuyu chake kila siku. Jana baba Neema akaja, akamwamkia vizuri, kisha akamsimulia kwa majivuno nilivyoruka tulipocheza mpira wa pete na wake wa madereva wa shamba la pili la ngano.

Bibi akanigeukia. "Mama mzima unarukia mpira?"

Nikainamisha kichwa.

"Na mlishinda?"

Nikasema tulishinda.

"Basi kunywa, mguu upone."

Nimemwahidi Mungu sitacheza tena. Ila goti likikunjika vizuri, labda mchezo mmoja tu, Neema aone. Nawakumbuka wote, na mama umwambie asilie, maana hata goti likikataa, mimi bado ni mshindi — nesi ananiita, dada.