Kiboko Anayeongea Kama Mimi

Jumapili. Mvua imekatika mchana, mtaa wetu wa Gungu wote ni tope, na mimi nina hasira ambayo haitaki kupoa.

Asubuhi nilikaa na mjukuu wangu Zawadi kutazama katuni. Wanyama wamekusanywa, simba anauliza nani amepasua ngoma ya kijiji. Sungura anasema ngoma imepasuka. Nyani anasema ngoma ilikutwa imepasuka. Kiboko, mnene, mwenye makengeza, ananyanyuka: "Njo miye nilipasula." Wanampiga. Zawadi akaanguka mkekani kwa kicheko.

Nami nilicheka. Nakiri.

Kisha akanigeukia. "Babu, kiboko anaongea kama wewe."

Kweli. Kiboko amepewa lafudhi ya Kongo, kule nilikotoka nikavuka ziwa nikiwa ndiyo kwanza ninaota ndevu. Hilo ni tabaka la kwanza la mzaha: mjinga lazima atoke kwetu. Watoto hawahitaji kuelezwa.

Lakini lipo tabaka la pili, na sijui kama waliotunga mzaha wenyewe waliliona. Sungura na nyani wanasema Kiswahili safi, na usafi huo ndio wanaojifichia: imepasuka, ilikutwa. Hakuna aliyepasua. Kiboko peke yake amemtaja mtu. Hiyo "njo" yetu wanayoicheka inabeba ndiye, ndio na ndicho kwa mkupuo mmoja. Kwa Kiswahili cha vitabuni kiboko angesema "ndimi". Neno lilelile, ukilisoma vingine, ni wingi wa ulimi. Nimelitafuna mchana kutwa.

Nilimuuliza Zawadi nani kati yao alisema kweli.

"Kiboko," akajibu. "Lakini si ndiye aliyepigwa?"



Jioni akaja mwanangu Amisi. Jumamosi wanakuja wageni kutoka Kasingirima kumposa Mwamini, mjukuu wangu mkubwa, niliyemlea humu ndani tangu anatambaa. Amisi alizunguka sana kabla ya kutua. Imeonekana, akasema, msemaji wa familia awe jirani, yule mwalimu mstaafu, maana Kiswahili chake kimenyooka.

"Imeonekana na nani?"

"Imeonekana tu, Baba. Watu wasije wakacheka."

Sungura mtupu, mwanangu huyu.

Sikumpandishia sauti. Nilimwambia kwamba jirani namkaribisha kwa moyo mweupe, pilau itakuwepo. Maneno nitasema mimi. Amekwenda zake bila hata kumalizia chai.

Nimeishi upande huu wa ziwa miaka mingi nikipunguza sauti sokoni, ofisini, hata msibani. Kwenye posa ya mtoto niliyemlea sipunguzi. Wageni wakitaka kucheka, wacheke; kicheko hakijawahi kuvunja ndoa.

Na wa nyumbani atakayeona aibu, Jumamosi akae jikoni.