Picha ya Noeli ya Kumpelekea Mama Uvira

Dada Furaha,

Mwaka huu picha ya Noeli nimeihangaikia mimi. Wewe uliifanya ionekane kazi ndogo: unashonesha kitenge kimoja kwa wote, unawapeleka wanao studio mjini Mbarara, na Mama kule Uvira, Koko wao, anapata kadi yake kabla ya Bonane, mwaka mpya haujaingia. Kumbe ulikuwa unateseka kimyakimya.

Tulitoka kambini Nakivale asubuhi, wasafi kama watu wa harusi. Kufika Kaberebere njiani, mwanao Baraka akatapikia shati lake. Nikalifua bombani, akalivaa hivyo hivyo bichi. Studioni nako, Riziki, kitinda mimba wako, akaliogopa lile pazia lililochorwa maporomoko ya maji, akalia mpaka kamasi ikafika kidevuni. Ungekuwepo ungecheka. Mimi nilitaka kuketi chini nilie naye.

Lakini kilichonikaba si hayo. Mama alikuwa bado hajui kwamba umekufa. Unajua kwetu mzazi aliye peke yake haambiwi kwa simu kwamba mtoto wake amefariki. Lazima mtu aende, aketi naye. Tangu tukuzike hatukuwa tumepata wa kwenda. Kila alipopiga nilisema uko shambani, au umelala. Nilichoka kukulaza, Dada. Basi nikaona nipige picha ya watoto peke yao, nimwambie mwaka huu hukutaka kupigwa.

Mpiga picha akaniambia kwa heshima ya Waganda, "Nyabo, wewe kaa katikati, watoto watanyamaza." Nikakataa. Nikamweka Neema, mkubwa wao, katikati, Riziki mapajani mwake. Neema akauliza mbona mimi nasimama kando, nikamweleza polepole mpango wangu. Mtoto wa miaka minane. Aliniangalia kwa macho yako yale ya hasira, akasema, "Mama mudogo, Koko akiona hii atasema mama alitutupa. Mama hakututupa. Alikufa."

Hata mpiga picha alishusha kamera yake. Nikaenda nikaketi katikati, nikampakata Riziki, tukapigwa hivyo: Baraka na shati lake bichi, mimi na macho mekundu, na chini maneno ya Noeli Njema yamezungushiwa maua.

Kadi sikuituma kwa basi. Nilimbembeleza mchungaji wetu, ambaye alikuwa anakwenda kuwaona ndugu zake Uvira, aipeleke mwenyewe na amweleze Mama yote. Jana Mama akapiga simu. Alilia sana, nami nikalia. Alipotulia akaniuliza, "Na ule mudogo, anakuita nani?"

Kweli, Dada, Riziki ameanza kuniita mama. Kila akiniita nageuza uso, najifanya sisikii, maana naona jina hilo ni lako na kulichukua ni kukuzika mara ya pili. Nikamwambia Mama hivyo hivyo.

Kisha akasema, "Usimunyime, mwanangu. Itika."

Pumzika, dada yangu. Neema anawasimulia wadogo zake habari zako, na pale atakaposahau nitamkumbusha mimi. Na Riziki akiniita, nitaitika.

Mdogo wako,
Esperansi