Chujio Limetoka Jeusi, Valentin

Mwaka umetimia, Valentin, tangu malaria ikuchukue mvua za Oktoba 1998 zilipoanza, na sisi wa nyumbani hapa Gisenyi bado tunakuwekea mezani kikombe chako cha chai ya maziwa. Anakinywa Gwiza, mwanao, kwa hiyo usihofu, hakipotei.

Ulikuwa mtu wa viatu vichafu. Mama yako Mukamusoni aliona aibu kila Jumapili ukiingia misani Nyundo na viatu vya kijivu, nawe ukimjibu kwamba ukishajua rangi ya viatu inavyotengenezwa, hamu ya kuving'arisha inakuishia. Utafiti wako wote wa shahada ya udaktari ulihusu ule unga mweusi, laini kuliko majivu, unaochanganywa katika karakana ya rangi ya viatu njia ya Rugerero. Wafanyakazi waliamini kwamba ukioga kwa sabuni jioni umemaliza. Wewe ulitaka kupima chembe zisizoonekana, zinazoingia na pumzi mahali ambapo sabuni haifiki. Mwenye karakana alikuambia wazi kuwa bila kazi iliyokamilika na kukubaliwa na chuo chako cha Ubelgiji, hanunui hata feni moja ya kuutoa unga huo nje.

Siku ya kwanza ya kupima bado inatuchekesha. Uliwafunga wafanyakazi pampu ndogo kiunoni, mpira wake ukipanda hadi kwenye kola, na hapo kwenye kola ukabana chujio jeupe la duara kama hostia, livute hewa ileile wanayoivuta wao. Jioni machujio yote yalikuwa safi kabisa. Ulirudi nyumbani umenyong'onyea, ukidhani mashine zimekufa. Kumbe Mukasine, mke wa Sebahire mchanganyaji, alikuwa ameleta vitambaa alivyofuma kwa maua, na kila chujio likafunikwa vizuri, kama tunavyofunika redio sebuleni.

“Docteur, tuliifunika juu isichafuke,” Sebahire alikuambia. “Kitu ya mugeni haiwezi kula vumbi kwetu.”

“Docteur bado,” ulimjibu, kama ulivyowajibu wote kila siku.

Mwingine angefoka. Wewe ulimshukuru Mukasine, ukayasifu maua yake, halafu ukamwomba afume vifuko vya kutunzia pampu kiunoni na chujio liachwe wazi lichafuke. Tangu siku hiyo hakuna aliyekataa kupimwa. Ndivyo ulivyokuwa, na ndiyo maana tulikupenda.

Ulibakiza vipimo vya wakati wa mvua, milango inapofungwa na unga ukakosa pa kutokea. Hapo ndipo ulipotuacha. Waliokuja msibani walitushauri pampu zirudishwe Ubelgiji na mambo yaishe. Mimi Umurerwa, mkeo, nilikataa, na kaka yako Gasana anayefundisha kemia akakataa pamoja nami. Tulikuzika wewe, Valentin, hatukuizika kazi yako.

Mwezi huu, mvua ikinyesha, Gasana alishinda karakanani, pampu zikiwa ndani ya vifuko vya Mukasine. Jioni alikuja nyumbani na Sebahire, akaweka kikasha chenye mfuniko wa kioo mezani. Chujio la Sebahire ndani yake lilikuwa jeusi tititi. Tulifurahi, kisha tukaona haya kwa furaha yetu, maana weusi ule ndio uliomo kifuani mwa yule mtu aliyesimama mbele yetu. Sebahire ndiye aliyesema.

“Sasa muandike, mama Gwiza. Kama haijatosha, mi naivaa tena kesho.”

Tunaandika. Kazi itafika chuoni ikiwa na jina lako juu, kisha tutampelekea mwenye karakana nakala yake mkononi, na hatutaondoka mlangoni pake mpaka tusikie feni zikizunguka.

Unakumbukwa na mkeo Umurerwa, mwanao Gwiza, mama yako Mukamusoni, kaka yako Gasana, shangazi yako Donatille na wote wa Goma, pamoja na Sebahire, Mukasine na wenzao wa karakana. Katika nyumba hii hutasahaulika. Wa karakana bado wanakuita Docteur, na sasa hakuna anayewasahihisha.