Mume Wangu Anakata Pumzi Usingizini

Mpendwa Mama Veneranda,

Shikamoo mama, nisaidie, maana wiki ijayo mabasi ya kurudi Burundi yanaondoka hapa kambini Kasulu na sisi tumo, mimi, mtoto wetu Ella, mama mkwe na mume wangu Hatungimana, ambaye ni fundi cherehani lakini vidole vimenenepa haviingii tena kwenye mkasi, viatu alivyoletewa kutoka soko la Mwanga mjini Kigoma vyote vinambana, taya limetokeza, ulimi umejaa mdomoni, na akilala anakoroma mpaka majirani wanasikia, kisha kimya, hapumui, namtikisa ndipo anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka ziwani, na mchana anasinzia kazini hadi sindano imemtoboa kidole. Tulimtibu pumu, dawa ya kuvuta haikusaidia kitu. Mama mkwe ananiita mkamwana kwa Kirundi, anasema, "Mukazana, mwanangu kalogwa huku ugenini, tumrudishe nyumbani kabla ndugu hawajashindwa kumtambua, na jioni mpe urwarwa alale vizuri," nami nampa hiyo pombe ya ndizi, na kweli analala, ila pumzi ndiyo inakatika zaidi. Daktari wa kambi anataka twende hospitali Kigoma, mama mkwe anasema nikimshusha mwanawe kwenye safari nisimwite mama tena. Naogopa kumzika mume wangu. Nifanye nini?

Ininahazwe, Kasulu

Ininahazwe mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Hiyo pombe imwage leo. Umeona kwa macho yako kwamba akinywa pumzi inakatika zaidi, na kesho yake unamjazia tena kikombe kwa sababu mama mkwe kasema? Pombe inalegeza koo, na koo la mumeo halina nafasi ya kulegea.

Nimemuuliza daktari mmoja ninayemfahamu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kukuza mwili. Ikizidisha kwa mtu mzima, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe usio saratani, mikono na miguu inapanuka, ulimi na nyama za koo zinanenepa, hata mapafu yanaweza kuwa makubwa. Lakini mapafu makubwa yatamfaa nini kama hewa haina pa kupita? Mimi sijamwona mumeo. Wa kuthibitisha ni daktari, kwa kipimo cha damu na picha ya kichwa. Ila dalili ulizoniandikia sidhani ni za uchawi.

Basi la wiki ijayo msipande. Daktari wa kambi awaombee ruhusa ya kwenda Kigoma, na nafasi katika msafara wa baadaye. Mkifika hospitali usitaje kifua peke yake, utarudi tena na dawa ya pumu. Taja vidole, viatu, taya, ulimi, kila kitu. Kwa sasa alale kiubavu, asimeze dawa za usingizi, na cherehani aiache. Matibabu yapo. Mifupa iliyokwisha kukua hairudi, lakini pumzi inaweza kupata njia.

Mama mkwe usigombane naye. Mumeo akisinzia mchana, mkalishe mama yake kando yake, akisikie kile kimya kwa masikio yake. Halafu mwambie kwa heshima kwamba sura mpya ndugu wataizoea, mradi mwanawe afike kwao anapumua.